Kikombe cha Bati na Ndiyo Mbili za Ambwene

Hadithi hii nimetumiwa, nami naituma mbele kama ilivyonifikia. Isome taratibu. Ukiimaliza, usiitupe tu kwenye kundi la ukoo. Mtafute mtu mmoja unayemjua, yule ambaye vikao vyake vyote huisha kwa amani, umtumie yeye.

Huko Tukuyu, ambako mvua haiji kutembea bali ni mwenyeji, palikuwa na ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ushirika ule uliamua kutengeneza mfumo wa simu, ili mfugaji akishaleta maziwa yake kituoni apate ujumbe. Kazi ikapewa timu ndogo ya watengeneza programu, na kiongozi wao aliitwa Ambwene.

Timu ile ilifanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili. Kila asubuhi walikutana wakiwa wamesimama, maana mtu akipewa kiti na maneno yake nayo hukaa kitako. Kila mmoja alisema alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha, basi. Wadau wa ushirika waliruhusiwa kuja kusikiliza na kusema lao. Mwisho wa kila kipande wadau walionyeshwa kazi, nao wakasema kama inafaa au haifai.

Walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ilikuwa kikombe cha bati cha kupimia maziwa. Aliyekishika ndiye aliyesema, na wengine walinyamaza mpaka kiwafikie. Ya pili ilikuwa maneno yaliyoandikwa ukutani kwa rangi ya bluu: TAJA TATIZO, USITAJE MTU. Kila asubuhi waliyasoma kwa sauti kabla ya kuanza. Maneno hayo aliyaandika Ambwene mwenyewe, kwa mkono wake, baada ya dada mmoja wa timu kusemwa vibaya mbele za watu hadi akalia. Siku ile Ambwene alipanda juu ya kiti na brashi, akasema katika timu yake hakuna mtu atakayeaibishwa tena. Alimaanisha kweli. Hilo nalo lisisahauliwe.

Sasa, Ambwene alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali iliyoutibu. Watu wakipandishiana sauti mbele yake, tumbo lilimsokota. Basi alijifunza ufundi wake. Ugomvi ukianza tu kunukia, alinyoosha mkono, akakichukua kikombe kwa upole, akasema, "Hilo jamani tutalizungumza pembeni."

Na kweli alikwenda pembeni. Alimwendea huyu akanywa naye chai, akamwambia ndiyo. Akamwendea yule akanywa naye chai, akamwambia ndiyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Watu wakamsifu kwamba ana hekima, kumbe alikuwa na woga na birika la chai.

Wadau wakubwa wa mfumo ule walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mzee Mwaipaja, msimamizi wa vituo vya kukusanyia maziwa, mtu wa sauti nzito na mabuti ya mvua. Wa pili ni Bi. Atuganile, mkuu wa maabara, mama asiyecheka ovyo, ambaye akiyanusa maziwa yaliyotiwa maji huyajua kabla hajayapima.

Asubuhi moja Mzee Mwaipaja alipokea kikombe, akasema, "Mimi nataka maziwa yakishapimwa tu kwenye mizani, simu ya mfugaji ilie hapo hapo. Mfugaji ametembea kwenye utelezi tangu alfajiri. Asirudi nyumbani bila ushahidi kwamba ameleta."

Bi. Atuganile hakungoja kikombe. "Na mimi nikiyakuta yameharibika? Umeshamwambia mtu maziwa yake yamepokelewa, mchana mimi nayamwaga. Atakuja kupiga kelele mlangoni kwa nani? Kwako au kwangu? Ujumbe utoke baada ya maabara."

"Maabara yako inamaliza saa ngapi, mama? Ng'ombe akishazaa tena?"

"Kuliko ulie mapema na udanganye, bora uchelewe useme kweli!"

Tumbo la Ambwene likasokota. Mkono ukanyooka, kikombe kikarudi kwake. "Wazee wangu," akasema akitabasamu, "hilo tutalizungumza pembeni."

Alasiri ile alikwenda kituoni kwa Mzee Mwaipaja. Mzee akaeleza tena, na Ambwene akaitikia, "Ndiyo, Mzee. Itakuwa hivyo hivyo. Simu italia papo hapo." Kesho yake akaenda maabara. Bi. Atuganile akaeleza tena, na Ambwene akaitikia, "Ndiyo, mama. Hakuna ujumbe utakaotoka kabla hujapima." Wote wawili wakaridhika. Vikao vikawa shwari.

Aliyepaswa kuzigeuza ndiyo hizo mbili kuwa kitu kimoja kinachofanya kazi alikuwa Subilaga, binti mmoja wa timu ile.

Subilaga alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Ushirika ulikuwa umesema utamwajiri moja kwa moja baada ya onyesho la kipande kile, iwapo Mzee Mwaipaja na Bi. Atuganile watasema anafaa. Mama yake mzazi alikuwa Kyela, peke yake, miguu imevimba na hospitali iko mbali. Subilaga alikuwa amekwisha kupanga chumba cha pili na kununua kitanda kwa ajili yake. Aliyemsaidia kukibeba kitanda kile ni Ambwene, kwa sababu ngazi za nyumba ile zilikuwa na utelezi. Walikipandisha wakicheka, Ambwene akiwa chini anabeba upande mzito. Kikawekwa chumbani, nailoni yake haikuvuliwa. "Nitaivua siku ya kusaini mkataba," alisema Subilaga.

Kwa hiyo usije ukasema Ambwene hakujua. Alijua hata uzito wa kitanda.

"Kaka Ambwene," Subilaga alimuuliza siku moja, "huu ujumbe nifuate la nani? Jana umeniambia la Mzee. Leo umeniambia la Bi. Atuganile."

"Fuata la Bi. Atuganile. Mzee nitamweleza mimi."

"Si tuwaite wote wawili? Wagombane kidogo mbele yetu, wamalize, tujue moja."

Ambwene akacheka kicheko cha mkubwa kwa mdogo. "Wewe bado mgeni, dada yangu. Wadau hawagombanishwi. Niachie mimi."

Subilaga akamwachia. Akatengeneza kama alivyoelekezwa. Ambwene akapanga kumweleza Mzee Mwaipaja siku ya Jumatatu, lakini Jumatatu mzee alikuwa amekasirishwa na gari lililokwama kwenye tope. Jumanne alikuwa na furaha mno, na nani anapenda kuharibu furaha ya mzee? Jumatano mvua ilinyesha. Siku zikamwishia hivyo hivyo. Mshika mbili moja humponyoka, naye alizishika zote mbili kwa vidole vilivyolowa.

Ikafika siku ya onyesho.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee Mwaipaja na Bi. Atuganile wakaingia pamoja chini ya mwavuli mmoja, wakikung'uta miguu mlangoni na kupishana kwa adabu. Ambwene alipowaona hivyo moyo ulimtulia. Akawaza, tazama, wamepatana wenyewe, wala hawatauliza. Kwa nini watu wale wawili wawe chini ya mwavuli mmoja, hilo hakujiuliza. Angejiuliza, hadithi hii ingekuwa fupi.

Walisoma maneno ya ukutani kwa pamoja, kama kawaida. Kisha Subilaga akaweka kopo la maziwa kwenye mizani, namba zikasomeka, na simu ya majaribio ikawekwa juu ya meza.

Wakasubiri. Simu ikawa kimya.

"Mbona hailii?" akauliza Mzee Mwaipaja.

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Ambwene.

"Ambwene, kijana wangu. Uliniambia maziwa yakishapimwa, simu italia papo hapo. Uliniambia, hukuniambia?"

Bi. Atuganile alikuwa amekunja mikono, anamtazama Ambwene usoni. Timu nzima ilikuwa inamtazama. Ndani ya kichwa chake yalikuwapo maneno mawili mepesi, niliwaahidi wote, na ulimi ukakataa kuyabeba. Akatafuta mahali pa kutokea, akapaona. Palikuwa pamesimama karibu yake, pamevaa sweta la kijani.

"Mzee," akasema, "mimi maelekezo nilitoa. Nadhani Subilaga hakunielewa vizuri. Si unajua, bado ni mgeni."

Alipomaliza kusema, macho yake yakapanda yenyewe hadi ukutani, kwenye rangi ya bluu. Akayashusha haraka.

Mzee Mwaipaja akageuka polepole. "Ni kweli, binti yangu?"

Subilaga alimtazama Ambwene mara moja tu. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu aliyeshikiliwa ngazi na mwenzake, kisha akasikia ngazi inatikisika. Akanyoosha mkono, akaomba kikombe. Ambwene akampa.

"Tatizo," akasema Subilaga, "ni kwamba ujumbe unatoka mara moja tu. Ukitoka mapema unaikosea maabara, ukichelewa unamkosea mfugaji. Programu nimeiandika mimi. Mniwie radhi, nitairekebisha."

Basi. Akakirudisha kikombe mezani, akashika mikono yake nyuma.

Ambwene alitamani mvua iongeze kelele. Alitamani kusema, hapana, si yeye. Lakini aibu ina tabia hiyo: ukiiacha ikukalie dakika ya kwanza, ya pili unakuwa umeizoea kidogo. Akajiambia atamweleza mzee pembeni.

Ndipo Bi. Atuganile akakichukua kikombe.

"Mimi na Mzee hapa," akasema, "tuko kamati moja ya harusi, ya binti wa jirani yetu. Jumamosi tulikaa meza moja. Nikamwambia, pole Mzee, lakini ujumbe wako hautatoka, Ambwene ameniahidi. Akaniambia, pole wewe mama, Ambwene ameniahidi mimi. Tukatazamana."

Mzee Mwaipaja akatikisa kichwa.

"Tukagombana pale pale," akaendelea, "mpaka mwenyekiti wa kamati akadhani tunagombea ukumbi. Kisha tukamaliza. Soda zetu zilikuwa hazijaisha. Ujumbe utoke mara mbili. Wa kwanza useme maziwa yamepimwa uzito, yanasubiri maabara. Wa pili useme yamepita au yamekataliwa. Kwisha. Hatuna ugomvi sisi."

Watu wa timu wakatazamana.

"Kwa hiyo..." akaanza Ambwene.

"Kwa hiyo leo hatukuja kutazama simu, mwanangu," akasema Bi. Atuganile. "Simu tulijua haitalia. Tulikuja kukusikiliza wewe. Mzee alisema, yule kijana ni mwema, ni woga tu, tukimwuliza atasema. Mimi nikasema haya, twende tukamsikie. Tulitaka utuambie neno moja tu, kwamba ulituitikia wote wawili. Tungekucheka, tungekunywesha chai, tungeendelea na kazi."

Akakitazama kikombe. "Hatukujua kwamba utamtoa kafara huyu."

Mzee Mwaipaja hakupaza sauti, yeye mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alimgeukia Subilaga, akauliza kwa upole, "Binti, ulijua ukweli. Mbona hukujitetea?"

Subilaga akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Tumefundishwa kutaja tatizo, tusitaje mtu."

"Nani aliwafundisha?"

Subilaga akainamisha kichwa. Hakujibu, na hapakuwa na haja. Ambwene ndiye aliyesikia jibu kuliko wote.

"Kwangu mimi," akasema Mzee, "huyu binti anafaa tangu leo. Mama, kwako?"

"Mimi nilishasema anafaa tukiwa njiani," akajibu Bi. Atuganile. Kisha akamnyooshea Ambwene kile kikombe.

Ambwene alikipokea. Kikombe kile alikuwa amekitumia kuwanyamazisha watu kwa upole muda wote huo, na leo kilikuwa kimekuja kumtaka aseme. Wote walinyamaza, kama desturi ilivyotaka. Hakuna aliyemkaripia. Alitamani mtu amkaripie, ajitetee kidogo, apate pa kushika. Hakuna.

"Nimekosea," akasema.

"Taja tatizo," akasema Bi. Atuganile.

Mmoja wa timu alikohoa. Machozi ya Ambwene yalikuwa karibu, na yeye ni mtu mzima mwenye watoto.

"Tatizo..." Akatafuta namna ya kulisema lisiwe na mtu ndani yake. Hakuipata. "Tatizo la leo lina mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Niliitikia ndiyo mara mbili kwa kuogopa kelele. Subilaga aliniambia niwaite wote wawili, nikamcheka. Na leo nimemtaja yeye ili nisitajwe mimi. Ninajua anachokingoja. Nilikibeba kitanda chenyewe kwa mikono hii, na bado nikamtaja."

Akakiweka kikombe mezani. Mzee Mwaipaja akasema, "Haya, tumesikia," wakaanza kuzungumzia ujumbe wa mara mbili. Kikao kiliendelea. Hilo nalo lilimuuma Ambwene: kwamba aliogopa maneno yale siku zote hizo, na yaliposemwa dunia haikusimama.

Alimkuta Subilaga nje, chini ya paa, akingoja mvua ipungue. "Dada yangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, kaka."

"Kweli?"

"Kweli." Akatazama mvua. "Lakini kesho asubuhi tusomapo ukutani, niache nisisome. Nipe siku chache."

Ambwene akaitikia kwa kichwa. Siku zilizofuata timu ilipoyasoma yale maneno, sauti moja ilipungua, naye aliisikia ilivyopungua. Kisha asubuhi moja ikarudi, chini chini. Hakugeuka kumtazama.

Siku hizo hizo Mzee Mwaipaja na Bi. Atuganile walianza tena, safari hii juu ya saa ya gari la maziwa. Sauti zikapanda. Tumbo likasokota. Mkono wa Ambwene ukanyooka kuelekea kwenye kikombe kwa mazoea, akauona uko hewani, akaurudisha mfukoni. "Semeni," akasema, "sote tuko hapa." Walisema. Walisema sana! Wakamaliza, wakaenda kunywa chai, na hakuna aliyekufa.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Bado.

Mwezi uliofuata, mama yake Subilaga alifika kutoka Kyela. Jumapili moja bibi yule alijikongoja na fimbo yake hadi nyumbani kwa Ambwene, binti yake akimshika mkono. Alikuwa na mfuko wa mchele mpya wa Kyela, ule ambao ukifunguliwa tu nyumba nzima inajua kwa harufu yake.

"Wewe ndiye Ambwene?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu ameniambia habari zako. Ameniambia kitanda ninacholalia ulikibeba wewe, na upande mzito ulikuwa wako. Ameniambia na kazi umemfundisha wewe." Akamnyooshea mfuko. "Ni kidogo tu, upokee. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mungu akuongezee watu wa kukutetea kama ulivyomtetea huyu."

Ambwene alimtazama Subilaga. Subilaga alikuwa anatazama chini, kwenye majani yenye umande. Hakuwa amemdanganya mama yake. Alikuwa amemwambia mema yote, akaliacha jambo moja tu, la siku ya onyesho, bila kulisema.

Ambwene akapokea ule mchele kwa mikono miwili. Alitaka kuitikia dua ya yule bibi kwa neno "amina", kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, lakini halikutoka. Mkewe ndiye aliyeitikia kutoka jikoni.

Mchana ule mchele ulipikwa. Watoto waligombania ukoko. Mkewe akasema hajawahi kula wali mtamu hivi, akamwongezea mumewe sahani mara mbili bila kuulizwa. Ambwene alikula wote, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuukataa, na hadi leo hajamwambia mkewe kwa nini alikula ameinamisha kichwa.

Funzo: Ugomvi wa wakubwa ukiuhamishia pembeni haufi, hungoja siku ya kumwangukia mnyonge aliye karibu nawe; waite wote pamoja waseme mapema, na kosa likitokea, jina pekee unaloruhusiwa kulitaja mbele za watu ni lako.